Mikono 70,000 Mbele ya Bunge

Majuzi nilipata ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam. Yeye na ndugu zake walikuwa wameshinda kesi ya shamba aliloacha marehemu baba yao, na alikuwa na swali moja tu: "Mwandishi, mtu akishashinda kesi ya ardhi, yamekwisha?"

Mimi si mwanasheria. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari. Nilimshauri amwone mwanasheria. Lakini swali lenyewe nilibaki nalo, kwa sababu lilinikumbusha watu wa mbali ambao walishinda kesi kubwa kuliko zote za ardhi katika nchi yao, wakashangilia, na kabla miaka sita haijatimia wakajikuta wanapigania ushindi ule ule upya, safari hii si mbele ya majaji bali mbele ya wabunge. Watu hao ni wenyeji wa asili wa Australia, yaani Waaborijini pamoja na wenzao wa visiwa vya mlango-bahari wa Torres. Leo nataka tuizungumze habari yao.

Tarehe 12 Oktoba 1997, watu waliofika kwenye uwanja wa majani ulio mbele ya Bunge mjini Canberra walikuta jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale. Mikono ya plastiki ipatayo 70,000 ilikuwa imechomekwa ardhini, viganja vikielekea juu kana kwamba umati mzima umezikwa na sasa unaomba kuhesabiwa. Ilikuwa ya rangi za bendera mbili: nyekundu, nyeusi na njano za Waaborijini, na kijani na buluu za watu wa visiwani. Kila mkono ulikuwa na maana ya saini ya raia mmoja aliyeunga mkono haki ya wenyeji katika ardhi. Waliiita Bahari ya Mikono.

Jambo la kuangalia ni kwamba wengi wa waliotia saini hawakuwa Waaborijini. Walikuwa Waaustralia weupe na wahamiaji wa kila asili: walimu, wauguzi, wastaafu, waumini wa makanisa, wanafunzi. Waliokuwa wakiipinga ni sheria ambayo isingewagusa wao hata kidogo. Ili tuelewe kwa nini walifika hapo, hapana budi turudi nyuma.

Tarehe 26 Januari 1788 Kapteni Arthur Phillip alishusha wafungwa na askari wa Kiingereza mahali panapoitwa leo Sydney. Nchi ile ilikuwa imekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 50,000. Walikuwa na lugha zao kwa mamia, sheria zao na mipaka yao. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Mwingereza hakutia saini mkataba wowote na wenyeji wale. Sheria ya kikoloni iliichukulia nchi nzima kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa hiyo mali ya mfalme tangu siku ile bendera ilipopandishwa.

Wazo hilo lilidumu muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe. Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini mwa Australia, walipopata habari kwamba serikali imeimega ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti bila kuwauliza, walipeleka malalamiko bungeni. Maandishi yao waliyabandika juu ya magome ya miti yaliyochorwa nembo za koo zao, ambazo kwao ndizo hati za kumiliki ardhi. Kamati ya Bunge ilikwenda kuwasikiliza, lakini machimbo yaliendelea. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1971 jaji aliwaambia kwamba sheria ya Australia haiitambui haki wanayoidai.

Sasa aje mtu mmoja aitwaye Eddie Mabo. Alizaliwa kisiwa cha Mer, mlango-bahari wa Torres, akawa mtunza bustani katika chuo kikuu mjini Townsville. Siku moja, akizungumza na wanahistoria wa chuo hicho, alitaja shamba lake la kule kisiwani. Wakamweleza kwa huzuni kwamba kisheria shamba lile si lake, ni la serikali. Bwana Mabo hakuamini masikio yake. Kule Mer kila ukoo unajua bustani yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Mti huu, jiwe lile. Na baba humwonesha mwana.

Mimi kwetu ni Kilimanjaro. Kihamba cha babu yangu hakikuwa na hati wala ramani. Mpaka wake ulikuwa masale aliyoyapanda baba yake, na hakuna jirani aliyethubutu kuyang'oa. Kwa hiyo niliposoma habari ya Bwana Mabo sikuhitaji mkalimani.

Mwaka 1982 yeye na wenzake wanne walifungua kesi. Ilichukua miaka kumi. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya mwisho nchini humo, iliamua kwa majaji sita dhidi ya mmoja kwamba nchi ile haikuwa tupu, na kwamba haki za wenyeji katika ardhi zilikuwapo kabla ya Mwingereza na bado zipo pale ambapo serikali haijazifuta kwa kutoa hati kwa watu wengine. Bwana Mabo hakuusikia uamuzi huo. Alikuwa amefariki dunia mwezi Januari mwaka huo huo.

Hapa niongeze jambo ambalo linatuhusu sisi Waafrika, na ambalo wachache hulijua. Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilipokuwa ikitoa maoni juu ya Sahara Magharibi, mwakilishi wa Zaire, mwanasheria Bayona-Ba-Meya, alisimama kuipinga hoja ya ardhi isiyo na mwenyewe, hoja iliyotumika kuigawa Afrika baada ya Mkutano wa Berlin. Alieleza kwamba kuna kifungo kati ya ardhi na binadamu aliyezaliwa juu yake, ambaye siku moja atairudia na kuungana na wahenga wake. Jaji mmoja wa The Hague aliyaunga mkono maneno hayo katika maoni yake, na miaka 17 baadaye Jaji Gerard Brennan wa Australia akayaweka ndani ya hukumu ya Mabo. Ndiyo kusema hoja ya Mwafrika kutoka Kongo ilisaidia kuvunja uongo wa miaka mia mbili kule Australia.

Je, yamekwisha? Hayajaisha. Na wenyeji wenyewe walilijua hilo, kwa maana walikwisha kuumwa na nyoka huyo.

Chukua mfano wa John Koowarta, mtu wa kabila la Wik kutoka rasi ya Cape York, jimbo la Queensland. Mwaka 1976 yeye na wenzake walitaka kununua shamba la mifugo lililokuwa katika nchi ya babu zao. Mwenye shamba aliridhia kuuza, na fedha za mfuko wa serikali ya shirikisho zilikuwapo. Serikali ya jimbo ikakataa kuidhinisha kwa sababu wanunuzi ni Waaborijini. Bwana Koowarta alishitaki, na mwaka 1982 akashinda katika Mahakama Kuu. Lakini eneo hilo serikali ya jimbo ilikwisha kuligeuza hifadhi ya taifa. Bwana Koowarta alikufa mwaka 1991 akiwa na ushindi wake mkononi na bila ardhi.

Au tazama kesi ya Mabo yenyewe. Mwaka 1985, ikiwa bado inasikilizwa, bunge la Queensland lilipitisha sheria ya kufuta haki zote ambazo watu wa visiwa wangeweza kudai, tena tangu zamani, bila fidia. Kama sheria ile ingesimama, kesi ingekufa. Haikusimama, kwa kuwa mwaka 1988 Mahakama Kuu ilisema inapingana na Sheria ya Shirikisho ya mwaka 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi. Jimbo la Australia Magharibi nalo lilijaribu mwaka 1993 kutunga sheria yake ya kufuta hatimiliki ya asili, nayo ikaangushwa na Mahakama Kuu mwaka 1995.

Sheria hiyo ya mwaka 1975 ilikuwa ngao ya wenyeji dhidi ya mabunge ya majimbo, na kila mkuki wa jimbo ulipotupwa, ngao iliupokea. Lakini ngao hiyo ilikuwa na tundu moja kubwa. Ni sheria ya kawaida iliyotungwa na Bunge la Shirikisho, na Bunge la Shirikisho likitaka, linaweza kutunga sheria nyingine inayoipita. Ndiyo maana ilipofika zamu ya Canberra, mahakama haikuwa tena kimbilio. Ulinzi uliobaki ulikuwa ni raia kuwazuia wabunge wao wenyewe.

Kwanza zamu hiyo ilikuwa ya heri. Baada ya hukumu ya Mabo, Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Paul Keating, alikaa na viongozi wa wenyeji, miongoni mwao Mama Lowitja O'Donoghue na wanasheria vijana kama Noel Pearson na Mick Dodson. Walivutana kwa miezi. Wenyeji waliridhia kwamba hati zilizokwisha kutolewa kwa makosa zihalalishwe. Wao wakapata, pamoja na mengine, haki ya kujadiliana: kampuni ya madini ikitaka kuchimba mahali penye madai ya hatimiliki ya asili, sharti ikae kwanza na wenyeji. Haikuwa haki ya kukataa, kwani wakishindwa kupatana chombo cha usuluhishi ndicho huamua. Lakini ilikuwa kiti mezani. Sheria ya Hatimiliki ya Asili ilipitishwa Desemba 1993. Haikumfurahisha kila mtu, lakini waliohusika walikuwa wameulizwa.

Likabaki swali moja kubwa. Nchi ya Australia, kiasi cha asilimia 42, ni maeneo ya malisho ambayo serikali huwakodisha wafugaji. Baadhi ya mashamba hayo ni makubwa kama wilaya zetu. Je, serikali ilipoyakodisha, haki ya wenyeji ilikufa papo hapo? Watu wa Wik, ndugu zake marehemu Koowarta, pamoja na jirani zao Wathayorre, walilipeleka swali hilo mahakamani. Sehemu moja ya ardhi iliyohusika iliwahi kukodishwa mwaka 1915 na tena mwaka 1919, wala hao waliopewa hawakuikalia. Wenyeji ndio waliokuwa wakiishi humo siku zote.

Tarehe 23 Desemba 1996 Mahakama Kuu iliamua, majaji wanne dhidi ya watatu, kwamba kukodisha malisho peke yake hakuui haki ya wenyeji. Haki zote mbili zinaweza kukaa pamoja, na zikigongana, ya mfugaji ndiyo itakayotangulia. Nawaomba wasikilizaji wayashike vizuri maneno hayo. Mfugaji hakunyang'anywa hata ng'ombe mmoja. Kilichosemwa ni kwamba mwenyeji naye ana haki ya kupita, kuwinda, kuvua na kufanya matambiko yake katika nchi ya babu zake.

Hata hivyo kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Waziri Mkuu mpya, Bwana John Howard, aliyeingia madarakani mwaka 1996, alikuwa akibanwa na wafugaji, makampuni ya madini na serikali za majimbo, waliodai kwamba sasa hawana uhakika. Wengine, akiwamo kiongozi wa serikali ya Queensland, walitaka hatimiliki ya asili ifutwe kabisa katika maeneo ya malisho. Mwezi Mei 1997 Bwana Howard alitoa mpango wake wa mambo kumi. Naibu wake, Bwana Tim Fischer, aliwatuliza wafugaji kwamba ndani yake kuna ufutaji wa haki wa ndoo kwa ndoo.

Mpango huo ulikuwa umeandikwa kwa lugha kavu ya kisheria, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yake. Hakuna kifungu kilichosema "Mwaborijini hana haki". Vifungu vilisema kwamba aina fulani za hati, zilizopangwa katika orodha ndefu, zimefuta haki ya wenyeji. Vilisema mfugaji anaweza kupanua shughuli zake katika shamba alilokodi. Vilisema majimbo yanaweza kuiondoa haki ya kujadiliana katika maeneo ya malisho na kuweka utaratibu hafifu badala yake. Vilisema madai yapitie mtihani mgumu zaidi kabla ya kuandikishwa, na kwamba baada ya miaka sita mlango wa kudai ufungwe. Ni kama mtu asiyekufukuza nyumbani kwako, ila kila siku anaondoa tofali moja.

Tarehe 26 Mei 1997, katika mkutano mkubwa wa maridhiano uliofanyika Melbourne, Bwana Howard aliutetea mpango wake kwa sauti ya juu huku akipigapiga meza ya kuzungumzia. Wajumbe kadhaa wakainuka mmoja mmoja, wakageuka, wakampa mgongo. Hawakurusha jiwe, hawakutukana. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima.

Mwezi Septemba mwaka huo Bwana Howard alionekana katika televisheni ameshika ramani ya Australia, akisema asilimia 78 ya nchi ingeweza kuwa chini ya turufu ya Waaborijini. Mtazamaji wa mjini aliyekuwa hajasoma hukumu angefanyaje? Angetishika. Na kabla ya hapo, katika mjadala wa mwaka 1993, watu wa mijini walitishwa na wanasiasa kwamba hata viwanja vya nyumba zao vitadaiwa, ilhali mahakama ilikwisha kusema kwamba ardhi yenye hati kamili ya mtu binafsi haiguswi. Kumtoa mtu hofu kunachukua muda mrefu kuliko kumtia, na ndiyo kazi iliyowakabili wanaharakati.

Walifanyaje? Viongozi wa wenyeji waliunda kikundi chao cha kitaifa cha kushughulikia suala hilo, wakawa wanasoma kila kifungu na kukieleza kwa lugha ya watu. Raia wa kawaida nao mwaka 1997 waliunda jumuiya ya Waaustralia wa kutetea hatimiliki ya asili na maridhiano, iliyoitisha ile Bahari ya Mikono, kisha ikaizungusha katika miji mingine ili watu wachomeke ya kwao. Akina mama walikuwa na umoja wao, Wanawake kwa ajili ya Wik. Maaskofu na wachungaji wa makanisa makubwa walisema wazi kwamba mpango ule si wa haki. Mkono mmoja haulei mwana, na hili walilijua vizuri. Wenyeji ni sehemu ndogo sana ya wananchi wote wa Australia. Katika nchi inayoamua mambo kwa kura, wangelia peke yao wangelia bure.

Uwanja wa mapambano ukawa Seneti, kwa sababu serikali haikuwa na wingi wa kura humo. Mswada uliingia mwishoni mwa 1997, Seneti ikaubadilisha, serikali ikakataa mabadiliko. Ukarudi Aprili 1998, yakawa yale yale. Maseneta waliujadili kwa zaidi ya saa 100. Bwana Howard akatishia kuvunja mabaraza yote mawili na kuitisha uchaguzi.

Kisha likatokea jambo lililobadili hali ya hewa. Tarehe 13 Juni 1998, katika uchaguzi wa jimbo la Queensland, chama kipya cha Pauline Hanson, kilichokuwa kikiwasema vibaya Waaborijini na wahamiaji wa Asia, kilinyakua viti 11. Seneta mmoja huru kutoka Tasmania, Bwana Brian Harradine, ambaye kura yake ndiyo iliyokuwa ikishikilia mizani, aliogopa kwamba uchaguzi wa kitaifa ungegeuka kuwa vita vya rangi. Akakaa na Bwana Howard, wakapatana. Tarehe 8 Julai 1998 Seneti ikaupitisha mswada.

Wenyeji hawakuwamo katika mapatano hayo. Kikundi chao cha kitaifa kiliyakataa. Simlaumu Seneta Harradine kwa hofu yake; ilikuwa hofu ya mtu mwenye nia njema, na aliyabana baadhi ya makali ya mpango. Lakini ardhi ni ya watu wa Wik, ni ya Wayolngu, ni ya makabila mamia, na hao waliopatana walikuwa wawili, na wote wawili hawakuwa wenye ardhi. Mwaka 1993 mwenyeji alikuwa mezani, akatoa na akapokea. Mwaka 1998 mwenyeji alikuwa nje, akasubiri kuambiwa amebakiziwa nini. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko kifungu chochote cha sheria.

Wala si maoni yangu peke yangu. Mwezi Machi 1999 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, mjini Geneva, ilisema marekebisho yale yanawabagua wenye hatimiliki ya asili, na ikasikitika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo katika kuyatunga. Serikali ya Australia iliikataa kauli hiyo. Sheria ikabaki.

Je, ile mikono 70,000 ilikuwa bure? La hasha. Kile kifungu cha kufunga mlango baada ya miaka sita kilitolewa. Hatimiliki ya asili katika maeneo ya malisho ilipunguzwa nguvu lakini haikufutwa kabisa, kama walivyotaka wakali wa upande wa pili. Mwezi Oktoba 2000 mahakama ilitambua rasmi haki ya watu wa Wik katika sehemu ya kwanza ya nchi yao. Leo hatimiliki ya asili inatambuliwa katika zaidi ya theluthi moja ya ardhi ya Australia, ingawa kwingi ni haki ya kushirikiana na wengine. Mlango ule ungefungwa, sehemu kubwa ya hayo isingekuwapo. Na tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney kwa ajili ya maridhiano. Wengi wao walikuwa wamejifunza kusimama pamoja siku zile za mikono.

Lakini kilichopotea nacho kimeonekana. Mwezi Mei 2020, huko Juukan Gorge, Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ambayo watu waliyatumia kwa miaka 46,000, ili ipate chuma. Wenyeji wa mahali hapo, Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, walikuwa na hatimiliki ya asili iliyotambuliwa na mahakama. Walilalamika, lakini hawakuwa na haki ya kusema hapana. Kampuni ilikuwa na kibali cha serikali ya jimbo tangu mwaka 2013. Baadaye wakuu wa kampuni waliomba radhi, na mkurugenzi mtendaji akaondoka. Mapango hayarudi.

Na tarehe 14 Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kwa kura ya maoni kama wenyeji wapewe chombo ndani ya Katiba cha kulishauri Bunge kuhusu sheria zinazowagusa. Kilikuwa chombo cha ushauri tu, si cha turufu. Asilimia 60 hivi walisema hapana. Ni lile lile swali la Julai 1998: mwenyeji aingie chumbani au asubiri mlangoni? Na jibu lilikuwa lile lile.

Nisiwaachie uchungu peke yake. Mnawakumbuka Wayolngu wa magome ya miti? Kiongozi wao mmoja, hayati Galarrwuy Yunupingu, ambaye alikuwa kijana mkalimani wakati wa ile kesi waliyoshindwa mwaka 1971, alifungua kesi nyingine mwaka 2019, akiwa mzee, kudai fidia kwa ardhi iliyotolewa kwa machimbo yale yale. Alifariki Aprili 2023. Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba hatimiliki ya asili ni mali kama mali nyingine, na kwamba serikali ya shirikisho ikiifuta, Katiba inaitaka ilipe fidia ya haki, hata kwa yale iliyoyatenda katika eneo lile miongo mingi iliyopita. Na hiyo, wapenzi wasikilizaji, ni ngao ya aina nyingine. Ile ya mwaka 1975 Bunge lingeweza kuipita kwa kutunga sheria mpya. Hii imo ndani ya Katiba, na Katiba haibadilishwi na Bunge peke yake.

Basi, ndugu yangu wa Mbagala, nikujibu swali lako. Kushinda kesi ni jambo kubwa, kashangilieni, mmestahili. Lakini hukumu inasimama juu ya sheria, na sheria hutungwa na watu, katika chumba ambacho wewe unaweza kuwamo au usiwemo. Watu wa Wik walishinda mahakamani kwa kura moja ya jaji, na wakapunguziwa ushindi wao bungeni kwa kura ya seneta mmoja. Kwa hiyo ukisikia mswada wa ardhi unasomwa, usiseme hayo ni ya wanasheria. Uliza umeandikwa nini, uliza nani aliyeulizwa, na kama jirani yako ndiye atakayeumia na wewe utapona, kachomeke mkono wako hata hivyo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.